Kibali cha Kuchimba Changarawe na Shimo Linalobaki

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hununua kokoto, changarawe na mawe ya kujengea bila kuona mahali vitokapo. Lori hufika, mzigo humwagwa kando ya njia, fundi huanza kazi. Lakini kila mzigo uletwao mjini umeacha pengo penginepo, na mapengo hayo yakikusanyika huwa shimo. Hapa twaeleza ni nani atoaye ruhusa ya kuchimba, na ni nani apaswaye kuitengeneza ardhi kazi inapokwisha.

Kwanza ifahamike kwamba kuwa na hati ya shamba si kuwa na ruhusa ya kuchimba. Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1940, yasema madini ni mali ya taifa, nayo ina sehemu yake kwa madini ya ujenzi. Tena kibali cha madini peke yake hakitoshi. Machimbo yamo katika orodha ya kazi ambazo, kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, lazima zichunguzwe kabla hazijaanza. Mwenye kuupima uchunguzi huo na kutoa leseni ni mamlaka ya mazingira, ijulikanayo na wengi kwa jina la NEMA.

Jirani naye ana nafasi yake. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi unaohitaji uchunguzi kamili abandike matangazo karibu na mahali penyewe, atangaze magazetini na redioni, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu ya watu watakaoguswa na kazi hiyo. Watu wengi hawaendi mikutanoni, wakidhani mambo yamekwisha kuamuliwa. Hilo ni kosa kubwa. Aulizaye mapema maji ya mvua yatakwenda wapi, ua utajengwa lini, na shimo litajazwa kwa kitu gani, aweza kuona jibu limeandikwa kuwa sharti la leseni. Aulizaye baada ya malori kuondoka huenda asimpate wa kumjibu, na huku watoto wanaogelea katika maji yaliyotuama. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa ana siku 60 za kukata rufani mbele ya baraza la hukumu lililowekwa na sheria iyo hiyo ya mwaka 1999.

Sheria ya mwaka 2016 yadai pia mpango wa kuitengeneza ardhi na dhamana ya fedha. Dhamana ina maana kubwa, kwa kuwa mchimbaji aweza kufilisika au kutoweka, lakini fedha iliyowekwa kando yabaki.

Lakini kujaza shimo si lazima kuwe kuitengeneza ardhi. Huko Dandora, mashariki ya Nairobi, palikuwa na timbo la mawe. Mwaka 1975 Halmashauri ya Jiji ilianza kumwaga humo takataka za mji, kwa nia ya kupatumia kwa muda tu. Kufikia mwaka 2001 ilitangazwa kwamba pamejaa, na bado malori yaliendelea kwenda. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo: kama nusu yao walikuwa na risasi katika damu, kwa kiasi kilichofika au kupita kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari.

Pwani mambo yalikwenda vingine. Katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, Bwana René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti juu ya mwamba mtupu wenye chumvi. Miti mingi ilikufa. Mvinje ulistahimili, na majongoo yakaletwa kuyala majani yake makavu hata yakawa udongo. Leo mahali hapo ni msitu na bustani ya wanyama, nao wageni hulipa kiingilio.

Mwenye shaka juu ya shimo lililo karibu naye na aandike jina la mahali, tarehe, na namba za malori, kisha aende ofisi ya NEMA ya kaunti yake, au makao makuu yaliyoko Popo Road, South C. Aulize kama machimbo hayo yana leseni, na masharti yake yasemaje juu ya kujaza.