Sayansi Ndani ya Simu: Yawafaayo Watoto Wetu

Wazee wengi wa Chamwino huitazama simu ya mkononi kama mwizi aliyeingia nyumbani kuiba wakati wa watoto. Hatuwalaumu. Walakini simu hiyo hiyo yaweza kuwa kabati la vitabu vya sayansi, tena vya bure, isipokuwa gharama ya kifurushi. Kuifungia sandukuni ni kumnyima mtoto, na kumwachia usiku kucha ni kumdhulumu vile vile.

Haja ni kubwa. Katika shule za msingi za serikali mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili, akayajua maneno kama usanisinuru, kani na nishati. Aingiapo kidato cha kwanza, mambo yale yale humjia kwa Kiingereza, na aliyekuwa hodari wa kujibu huwa bubu. Akili haikupungua, lugha ndiyo iliyobadilika. Wengine hukata tamaa ya kuwa madaktari au wahandisi mwaka ule ule. Basi msaada ulio bora, kwa maoni yetu, ni ule umwoneshao mtoto jambo kwa macho kabla ya kumpa jina lake.

Hapo ndipo tuisifupo PhET, kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Ni majaribio yafanywayo juu ya kioo cha simu au kompyuta. Mwanafunzi huunganisha betri, waya na balbu, akaona umeme ukipita. Huuelekeza mwale wa nuru majini akauona ukipinda, jambo alilolichunguza Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, yapata miaka elfu iliyopita. Baadhi ya majaribio hayo yamefasiriwa kwa Kiswahili, na mengi yaweza kupakuliwa mara moja yakatumika pasipo mtandao. Mwalimu wa shule isiyo na maabara ayajaribu, ingawa hatusemi kwamba picha yatosha mahali pa harufu ya dawa na joto la moto.

Kwa vitabu vya kiada, iko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa wadogo, viko vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza mwaka 2014 huko Dar es Salaam, vifundishavyo hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Wakubwa wajuao Kiingereza waende Khan Academy. Mwanzilishi wake, Salman Khan, Mmarekani mwenye asili ya Bangladesh, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu akiwa mji wa mbali naye. Angalieni jinsi hisani ndogo ya nyumbani ilivyoenea duniani.

Wenzetu wa vijiji vya ndani, kama Mpwayungu na Itiso, watasema mtandao wao ni dhaifu. Hao twawaelekeza kwenye Kolibri, programu ya bure. Masomo hupakuliwa mjini katika kompyuta moja, ikapelekwa shuleni, na simu zilizo karibu zikasoma kutoka humo bila ya intaneti.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana kazi. Akae karibu na mtoto, kwani video moja njema huvuta pembeni yake kumi za upuuzi. Kisha amwambie: nieleze ulichokiona, kwa Kiswahili, hata kwa Kigogo. Akishindwa, amenakili tu. Siku hizi ziko programu za akili mnemba zimjibiazo mwanafunzi swali zima. Daftari likajaa, kichwa kikabaki kitupu.

Tena iko Stellarium, ya bure kwa kompyuta, ioneshayo nyota na sayari kama zilivyo juu ya mahali ulipo. Wakati wa kiangazi mbingu zetu za Dodoma huwa safi kupita za pwani. Kijana aiandikie Dodoma na tarehe ya leo, aangalie Mshtarii au Zohali ipo upande gani, kisha baada ya Isha atoke uani pamoja na baba yake waitafute kwa macho.