Mfuko wa Tuba Si Pambo: Kitambaa Gani Kitailinda Shaba ya Bendi?

Askari yeyote aliyewahi kusimama katika gwaride anafahamu kwamba mguu haufuati tarumbeta ndogo. Mguu hufuata ngoma kubwa pamoja na ile sauti nzito itokayo chini kabisa, sauti ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya kuisikia sikioni. Sauti hiyo ni ya tuba. Ikikosekana, bendi hupungukiwa na msingi kama nyumba iliyojengwa juu ya mchanga, na gwaride zima hulegea hata kama kila askari amenyosha mkono wake barabara.

Makala hii haihusu namna ya kuipiga tuba, bali namna ya kuibeba. Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini ukurasa wa wapiganaji na polisi ushughulike na jambo dogo kama mfuko. Ili nimjibu, yanibidi kwanza nisimulie niliyoyaona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kuandamana na bendi moja kwenda kumzika mpiganaji mwenzetu kijijini kwao, mbali na barabara ya lami. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na hapa Uganda kila mtu anajua mvua ya Aprili inavyofanya njia za udongo mwekundu. Vyombo vilipakiwa nyuma ya lori pamoja na masanduku ya chuma, mahema na masufuria. Tuba ilikuwa ndani ya mfuko mpya wa plastiki laini, uliong'aa vizuri, na ambao kwa kweli haukupitisha hata tone la maji. Tulipofika na kuufungua, tulikuta kona ya sanduku moja imeugonga mfuko huo njiani na kubonyeza bomba la vali ya pili. Bonyeo lenyewe halikuzidi upana wa ukucha wa kidole gumba, lakini vali haikushuka wala kupanda. Isitoshe, chombo kilikuwa kimefungiwa kikiwa na unyevu wa mazoezi ya juzi yake, nacho kilikuwa kimeanza kufanya madoa ya kijani na kunuka.

Koplo aliyekuwa mpigaji wake alisimama katika mstari wa bendi mikono mitupu tangu mwanzo wa mazishi hadi mwisho. Baada ya mizinga ya heshima, baba wa marehemu alinisogelea.

"Mwanangu," akaniuliza, "yule kijana pale mbona hana chombo?"

"Mzee, chombo chake kimeharibika njiani."

Akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole: "Na mlijua kwamba mnakuja huku?"

Sikuwa na jibu.

Tuliporudi kambini, swali la kwanza lilikuwa kama koplo yule amezembea mali ya serikali. Ni kweli kwamba hakukikausha chombo kabla ya kukifunga, naye alikiri. Lakini ilipotafutwa karatasi ya maombi ya ununuzi, ilionekana imeandikwa maneno machache tu: mfuko wa tuba, usiopitisha maji, mmoja. Basi aliyenunua alinunua alichoombwa. Kosa halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa la sisi sote tuliodhani kwamba adui wa tuba ni mvua peke yake.

MAUMBILE YA TUBA

Tuba si chombo cha kale sana. Hati ya kuilinda kisheria ilitolewa Berlin mwaka 1835 kwa Wilhelm Wieprecht na Johann Gottfried Moritz. Wieprecht alikuwa kiongozi wa bendi za kijeshi za Prussia, kwa hiyo twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba tuba ilizaliwa jeshini. Ndugu yake, susafoni, ile inayovaliwa begani na kuuzunguka mwili, ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1890 kutokana na wazo la John Philip Sousa, aliyeiongoza bendi ya wanamaji wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1880 hadi 1892.

Ukilinyosha bomba la tuba ya kawaida ya sauti ya Bb, litafikia urefu wa kama mita 5 na nusu. Bomba hilo limekunjwa likakunjwa tena, na unene wa bati lake haufiki milimita moja. Uzito wake wote ni kama kilo 10 au zaidi. Hapo ndipo penye tatizo. Chombo ni kizito kiasi cha kujiumiza chenyewe kikianguka, na wakati huohuo ni chembamba kiasi cha kubonyezwa na goti la mtu. Mabomba yameunganishwa kwa lehemu, na kila mtikisiko wa lori huijaribu lehemu hiyo.

Maadui wa tuba, basi, ni wanne: pigo, unyevu, vumbi na jasho. Pigo hubonyeza. Unyevu uliofungiwa hula shaba. Vumbi, hasa lile la njia za kwenda Karamoja wakati wa kiangazi, huingia katika vali na kusaga kama msasa. Jasho la mikono lina chumvi, na chumvi huitoboa taratibu rangi ya kung'arisha. Mfuko unaomzuia adui mmoja na kumkaribisha mwingine haufai.

VITAMBAA VYENYEWE

Tuanze na turubai la pamba, lile la mahema ya zamani. Sifa yake kubwa ni kwamba linapumua: unyevu ulio ndani hupata njia ya kutoka. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu, ndiyo sababu hema zuri la pamba halivuji upesi. Aidha fundi yeyote wa kambini mwenye cherehani imara anaweza kulishona, na likichanika porini hutiwa kiraka kwa sindano na uzi. Ubaya wake ni kwamba likilowa huwa zito mno, hukauka polepole, na likikunjwa bichi huota kuvu na kuoza.

Ngozi ina heshima yake, na wazee wa bendi huipenda. Lakini ngozi ni nzito, ni ghali, na katika hewa yetu yenye unyevunyevu huota ukungu. Zaidi ya hayo, ngozi iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti hubaki na asidi ndani yake, na asidi hiyo ikigusana na shaba kwa muda mrefu huzaa kutu ya kijani. Ngozi yafaa kwa vishikio na kwa kuimarisha pembe za mfuko, si kwa kulala juu ya chombo.

Plastiki laini, ile iliyotuaibisha makaburini, huvutia kwa bei yake na kwa jinsi inavyozuia mvua. Lakini kinachozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Tuba iliyotoka kupigwa ina maji ya pumzi ndani yake. Ukiifunga humo wakati wa joto, umeipika kwa mvuke. Tena, mafuta yanayoilainisha plastiki hiyo hutoka kidogo kidogo na kunata juu ya rangi ya chombo, na baada ya muda juani plastiki yenyewe hukakamaa na kupasuka.

Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya Du Pont na Wallace Carothers na wenzake. Wanajeshi waliifahamu mapema, kwa maana katika Vita Kuu ya Pili ilitumika kwa miavuli ya askari, na aina yake nene ikashonewa fulana za kuwakinga marubani dhidi ya vipande vya makombora. Kwa kuvumilia kukwaruzwa, vitambaa vichache vyaishinda. Hata hivyo jua kali huidhoofisha, na ikilowa hunyooka kidogo.

Poliesta hukaribia nailoni kwa nguvu, ingawa katika kukwaruzwa huachwa nyuma. Lakini yenyewe hainywi maji ila kidogo sana, na huvumilia jua kwa muda mrefu zaidi. Kwa bendi inayokaa uwanjani tangu asubuhi hadi alasiri, kama ilivyo desturi katika sherehe za tarehe 9 Oktoba, sifa hii si ndogo.

Unene wa nyuzi za vitambaa hivi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kitambaa cha denia 600 kina nyuzi nyembamba kuliko cha denia 1,000. Kwa chombo cha kilo 10 kinachotupwa ndani ya malori, chini ya denia 600 ni kujidanganya.

KILICHOMO NDANI

Wengi huchagua kitambaa cha nje na kusahau cha ndani, hali tuba hailindwi na kitambaa bali na mto uliomo kati ya vitambaa viwili. Sponji ya kawaida ya magodoro hunywa maji, na baada ya miaka michache ya joto na unyevu hugeuka unga au gundi. Ile sponji ngumu kidogo, ambayo vijitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, hainywi maji wala haididimii kwa urahisi. Unene wa sentimita 2 unatosha ubavuni. Lakini kwenye vali, chini ya kitako na kuzunguka ukingo wa ule mdomo mpana, uwe maradufu. Kitambaa kinachogusa chombo kiwe laini, kisichoacha rangi, na kisiwe na kifungo wala zipu inayoweza kukwaruza.

Mikanda ya kubebea isishonwe juu ya mfuko tu kama mfuko wa dukani. Ipite chini ya kitako na kuuzunguka mfuko mzima, ili mkanda ndio ubebe uzito, si mshono. Mishono ikikatika, tuba huanguka kwa kitako, na pigo hilo hupanda hadi kwenye vali.

FUNZO LA MAGANDA YA RISASI

Shaba nyeupe inayotengenezewa tuba ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi sehemu 70 kwa 30. Wapiganaji wanaifahamu bila kujua, kwa sababu mchanganyiko huohuo ndio wa maganda ya risasi. Na historia ya maganda hayo ina fundisho kwa watu wa bendi.

Wakati wa utawala wa Waingereza huko India, maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi katika majira ya mvua yalionekana yakipasuka yenyewe, bila kupigwa wala kuanguka. Mwaka 1921 wanasayansi Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo chake: mkojo wa farasi hutoa hewa ya amonia, na amonia pamoja na unyevu hushambulia shaba ambayo imebaki na mkazo ndani yake tangu ilipokunjwa kiwandani. Tuba nayo ni shaba iliyokunjwa. Hivyo hata mfuko bora kuliko yote usiwekwe karibu na choo, banda la kuku, ghala la mbolea au darini penye popo. Chumba cha bendi kiwe kikavu, chenye madirisha.

KARATASI YA MAOMBI

Kutokana na hayo yote, mimi ningeshauri mfuko wa sehemu mbili: juu na ubavuni poliesta isiyopungua denia 600, chini na mahali panapokwaruzwa nailoni ya denia 1,000. Ndani iwekwe sponji ya vijitundu vilivyofungwa na kitambaa laini. Zipu iwe pana, yenye kifuniko cha kuzuia vumbi na maji. Pale ambapo fedha hazitoshi, mfuko wa turubai la pamba ulioshonwa na fundi wa kambi, wenye sponji nzuri na mikanda ya kuuzunguka, ni bora mara kumi kuliko plastiki ya kung'aa. Na safari ikiwa ndefu, mizigo ikipangwa juu kwa juu, hakuna mfuko uwezao kushika nafasi ya sanduku gumu.

Mambo hayo hayachukui zaidi ya mistari sita katika karatasi ya maombi. Mkuu wa bendi ayaandike, na ofisa wa bohari asikubali karatasi isiyoyataja. Baada ya hapo, jukumu lililobaki ni la mpigaji mwenyewe: amwage maji, apanguse jasho, aache mfuko wazi usiku kucha, na asiutumie kama kabati la buti na sare mbichi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bendi, ufa ni mstari mmoja uliosahauliwa bohari.

Koplo yule sasa ni sajini, na tuba yake ilinyoshwa na fundi ikarudi kazini. Imo ndani ya mfuko wa turubai alioushona yeye mwenyewe pamoja na fundi wa kambi, wenye rangi iliyopauka na viraka viwili. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akiuanika juani kabla ya safari nyingine ya mazishi. Sikumwuliza kitu. Niliutazama mkanda uliopita chini ya kitako, nikaona ameushona mara tatu.