Fahamu: Ndugu wawili walioweka nyumba rehani kwa ajili ya gemu

Jared na Chad Moldenhauer, ndugu kutoka Kanada, waliacha kazi na kuweka nyumba zao rehani ili wakamilishe Cuphead, gemu la kufyatua na kukwepa risasi.

Mbona kazi hiyo ilichukua miaka? Kila mhusika alichorwa kwa penseli kwenye karatasi na kupigwa wino kwa mkono, kama katuni za miaka ya 1930. Rangi tu ndiyo iliyotiwa kwa kompyuta. Sekunde moja ya mwendo ni fremu 24. Tazama pambano na Hilda Berg, mmoja wa maadui wa gemu hilo: uko ndani ya ndege, unamimina risasi, naye anageuka kuwa mwezi mbele ya macho yako. Kazi ya kuheshimiwa kweli!

Gemu lilitoka Septemba 29, 2017. Kufikia 2019, nakala milioni 5 zilikuwa zimeuzwa.