Ajali Iliyokuwa na Kinga

Ajali haina kinga, ndivyo tusemavyo. Lakini nimetazama mchezo wa televisheni ambamo ajali ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ikazuiwa.

Mchezo huo ni wa mfululizo wa Star Trek, sehemu iitwayo "The City on the Edge of Forever", iliyoonyeshwa Marekani mara ya kwanza tarehe 6 Aprili, 1967. Mtunzi ni Harlan Ellison. Daktari McCoy, akiwa amepandwa na wazimu kwa dawa aliyojidunga kwa bahati mbaya, aruka ndani ya lango la kale lifungualo zama zilizopita. Papo hapo merikebu yao ya angani yatoweka, kana kwamba haikupata kuundwa. Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wamfuata hadi New York ya mwaka 1930, siku za dhiki, watu hawana kazi.

Huko wapokewa na Edith Keeler, aliyechezwa na Joan Collins, mwanamke mwema alishaye mafukara. Kirk ampenda. Kumbe Spock, kwa chombo alichokiunga mwenyewe, agundua siri: bibi huyu yampasa afe kwa kugongwa na gari. Akiishi ataongoza harakati za amani, Marekani itachelewa kuingia vitani, na Hitler atatangulia kupata bomu la atomiki. Saa ifikapo, McCoy ataka kumwokoa. Kirk amshika kwa nguvu asiende. Bibi wa watu akafa.

Wako watakaosema: si ndiyo yale ya Surat al-Kahf, Khidhr alipomwua kijana na Nabii Musa akashindwa kustahimili? La, ndugu msomaji. Khidhr alitenda kwa amri ya Mola, si kwa rai yake. Kirk alitegemea chombo cha nyaya kilichoungwa katika chumba cha kupanga.

Tena mchezo wakiri kuwa Edith alisema kweli, ila amani yake ilikuja mapema mno. Hayo waliambiwa Wamarekani wakati askari wao wakipigana Vietnam! Na tukumbuke kuwa vita viliwafuata wenyewe, Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor mwezi wa Desemba, 1941. Sioni hotuba ya mlisha maskini ingaliwazuiaje kujibu.

Hata hivyo nausifu mchezo huu kwa jambo moja: haukumpa Kirk furaha. Merikebu yarudi, walimwengu wasalimika, naye aondoka kama mfiwa.

Mimi nasimama na McCoy. Sisi hatuna lango wala chombo cha Spock. Tuonacho ni gari lijalo na mtu aliye barabarani. Ya kesho yana Mwenyewe. Letu ni kunyosha mkono.