Milimita 44.45: Fizikia ya Kabati la Mitambo ya Redio

Mpe fundi wa bati karatasi ya chuma na mchoro wa kabati la mitambo ya studio, kisha mwangalie akifika kwenye namba 44.45. Wengi wataweka 44 na kazi itaendelea. Wala hawana ubaya: kwenye sanduku la mwanafunzi au jiko la mkaa, nusu milimita haina mwenyewe.

Namba hiyo ni kimo cha ngazi moja ya kabati, yaani inchi moja na robo tatu. Upana wa uso wa kifaa ni inchi 19, sawa na milimita 482.6. Vipimo hivi vilianzia kwenye vituo vya simu vya Marekani karne moja hivi iliyopita, na dunia nzima ikavifuata: miksa, amplifaya na transmita, popote zilipotengenezwa, huja zikitegemea matundu yaliyopangwa hivyo.

Sasa fundi ametoboa kwa 44. Kifaa cha ngazi moja kitaingia bila neno, kwa sababu watengenezaji huvipunguza vifaa kidogo ili visisuguane. Vifaa vya ngazi nne vikipangana, kila kimoja kinamkanyaga mwenzake kwa karibu milimita moja. Mtambo wa ngazi kumi ndio unaofichua siri: skurubu ya chini ikishika, ya juu inaangukia kama milimita nne nje ya tundu lake. Kwa kabati la ngazi 42, upungufu wote ni milimita 18.9. Dawa ni kutumia 44.45 kamili na kupima kila tundu kutoka mstari mmoja wa chini, si kutoka tundu lililotangulia. Mimi ningeshauri zaidi ya hapo: nunua nguzo zilizokwisha kutobolewa kiwandani, mengine yote mwachie fundi wa mtaani.

Kukunja nako kuna hesabu yake. Chukua bati la milimita 1.5 unalotaka liwe mfereji wenye kitako cha milimita 100 na kuta mbili za 50. Jumla ni 200, lakini ukikata 200 umeharibu. Bati likikunjwa, upande wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, na mstari usiobadilika urefu haukai katikati kabisa, bali husogea kidogo kuelekea ndani. Kona ya nyuzi 90 yenye mviringo wa ndani wa milimita 1.5 hukudai upunguze kama milimita 2.6, hivyo kwa kona mbili unakata karibu 194.8. Upana kati ya matundu ya kushoto na ya kulia ni milimita 465.1, na ruhusa ya kukosea ni 1.6 tu, kwa hiyo zile milimita tano hazina pa kujificha. Mafundi wazoefu hukunja kwanza kipande cha mabaki, wakakipima, wakajua bati lile linadai nini kwenye mashine ile. Njia hiyo naiamini kuliko jedwali la kitabu.

Kama kazi ingekuwa vipimo tu, tungeishia hapo. Kabati hili lakini lina kazi ya umeme: kuzuia mawimbi yasitoke wala yasiingie. Mwaka 1836 mwanasayansi Michael Faraday alijenga London chumba cha futi 12 kila upande, kilichofunikwa kwa vitu vinavyopitisha umeme, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje chumba kikichajiwa kwa nguvu. Ndani hakuona umeme wowote: chaji zote zilibaki juu ya ganda.

Mawimbi ya redio nayo hayachimbi sana. Kwa megahezi 100, katikati ya FM, mkondo hukaa kwenye tabaka la aluminiamu lisilofikia hata mikroni kumi. Kwa hiyo unene wa bati si tatizo. Tatizo ni mianya, na hapa ndipo wengi hudanganyika: kinachovujisha ni urefu wa mwanya, si upana wake. Mkondo unaotembea juu ya bati ukikuta ufa hulazimika kuuzunguka, na volti huzuka kati ya kingo mbili za ufa ule. Urefu wa ufa ukifikia nusu ya wimbi, ufa wenyewe umekuwa antena. Kwa megahezi 600, masafa ya televisheni ya dijitali, nusu ya wimbi ni sentimita 25, umbali wa kawaida kabisa kati ya skurubu mbili za mfuniko. Ufa uwe mwembamba kama unywele, bado utarusha. (Juu ya minara kuna antena za televisheni ambazo ni bomba la chuma lililochanwa mianya ya namna hii kwa makusudi.) Ndiyo maana wahandisi hupenda mwanya usizidi sehemu moja ya ishirini ya wimbi: sentimita 15 kwa FM, 2.5 tu kwa megahezi 600. Ukiona mfuniko una skurubu nyingi kupita kiasi, sababu ndiyo hiyo.

Mvumo wa umeme wa hezi 50 ni habari nyingine. Usumaku wake hupenya aluminiamu ya milimita 1.5 kana kwamba haipo. Huo dawa yake rahisi ni umbali: transfoma chini kabisa, vifaa vya maikrofoni juu.

Halafu kuna joto, ambalo linataka matundu yale yale tuliyokuwa tukiyaogopa. Transmita ya FM ya kilowati 5, ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 71 hivi, inaacha kilowati 2 za joto. Ukitaka hewa inayotoka isiizidi inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, unahitaji lita 166 za hewa kila sekunde. Vitundu vya milimita 3, vikipangwa kwa safu zinazopishana na kuachana kwa milimita 5 kutoka kitovu hadi kitovu, vinaacha wazi karibu theluthi moja ya bati. Hewa ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, bati la sentimita 50 kwa 50 linatosha. Kwa wimbi la mita 3, kitundu cha milimita 3 si kitu, ilhali mikato mirefu yenye eneo lile lile ingevujisha. Huko Limuru, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, na feni iliyotosha Mombasa itazidiwa.

Mombasa nako kuna chumvi, kwa hiyo kila mtu hukimbilia rangi. Rangi haipitishi umeme. Kabati lililopakwa vizuri kila pembe linaweza kuwa mabati matano yasiyogusana kiumeme, na waya wa ethi ukafungwa juu ya rangi. Kwenye mchoro wa fundi zungushia kalamu nyekundu kingo za mlango na bolti ya ethi, uandike pembeni: hapa pasipakwe rangi, papakwe zinki.