Kiu ya Julai katika njia ya kilomita 3,500

Ikiwa umewahi kuupanda Mlima Longonot saa saba za mchana, jua likikuchoma utosi na chupa yako imebaki na funda moja tu la maji, basi unayo picha ndogo ya jambo ninalotaka kukusimulia leo. Tofauti ni kwamba wewe ulishuka jioni, ukapanda matatu, ukarudi nyumbani kuoga. Wanaoitembea Appalachian Trail kule Marekani hulala huko huko mlimani, na kesho yake huamkia mlima mwingine. Hufanya hivyo kwa miezi mitano hadi saba.

Njia hiyo ya miguu huanzia Mlima Springer katika jimbo la Georgia, kusini, na kukomea kwenye kilele cha Katahdin katika jimbo la Maine, kaskazini. Hupitia majimbo 14. Urefu wake hupita kilomita 3,500, yaani ni kama kutembea kutoka Mombasa hadi Kampala mara tatu, tena kwa kupanda na kushuka milima. Wazo lake lilitolewa na Benton MacKaye mnamo 1921, na kufikia 1937 njia nzima ilikuwa imeunganishwa. Mnamo 1948, Earl Shaffer, aliyekuwa ametoka kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia, aliitembea yote kwa msimu mmoja.

Na usije ukadhani hii ni shughuli ya vijana wenye misuli pekee. Mwaka wa 1955, Emma Gatewood, nyanya wa miaka 67 aliyezaa watoto 11, aliikamilisha peke yake akiwa amevaa viatu vya raba na kubeba mfuko aliojishonea mwenyewe. Ninyi mnaolalamika lifti ikiharibika, mwasemaje?

Wengi huanza safari Georgia mwezi wa Machi au Aprili, wakati kungali na baridi. Kwa hivyo mwezi wa Julai huwakuta karibu na katikati ya njia, katika jimbo la Pennsylvania. Sisi tulio karibu na Ikweta tumezoea kusema kiangazi tukiwa na maana ya miezi isiyo na mvua. Majira yao ya joto ni kitu kingine. Mvua hunyesha, misitu ni ya kijani, lakini hewa huwa nzito kama ya Mombasa mwezi wa Februari, na nyuzijoto hupita 30 bila shida. Jua lenyewe halina haraka ya kuondoka. Huchomoza mwendo wa saa kumi na moja unusu alfajiri na kuzama saa mbili unusu. Naam, saa mbili unusu za usiku kwa hesabu yetu!

Ndiyo sababu msafiri mwenye akili hufunga shanta yake gizani na kuanza kutembea kabla ndege hawajamaliza kuamka. Hufuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe, kila moja ikiwa na upana wa inchi mbili na urefu wa inchi sita. Akiona mbili, moja juu ya nyingine, hujua kuna kona au jambo la kuangalia. Alama za samawati humwonyesha vijia vya pembeni, ambavyo vingi huelekea kibandani au penye maji. Siku ya joto, macho yote hutafuta samawati.

Maji ndiyo hesabu ngumu kuliko zote. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Ukibeba lita nne, ni sawa na kuweka pakiti mbili za unga wa ugali mgongoni, juu ya hema, blanketi na chakula cha siku kadhaa. Ukipunguza mzigo, utakwenda kwa wepesi hadi pale utakapokuta chemchemi imekauka. Katika vilele vya Pennsylvania, chemchemi nyingi hupungua Julai na Agosti. Isitoshe, ardhi yenyewe ni mawe matupu yenye ncha, kiasi kwamba mguu hauna mahali pa kutua sawasawa, na mwendo wa saa moja huwa wa saa mbili.

Mahali panapoogopwa sana siku ya jua ni Lehigh Gap, ambapo mto umeupasua mlima. Hapo, katika mji wa Palmerton, viwanda vya kuyeyusha zinki vilifanya kazi tangu 1898 hadi 1980. Moshi wake ulibeba zinki, kadimi na risasi, ukaua miti yote mlimani. Mwaka wa 1983 serikali ya Marekani iliorodhesha eneo hilo miongoni mwa yale yanayohitaji kusafishwa kwa sababu ya sumu. Tangu hapo nyasi zimepandwa na kijani kimeanza kurudi, lakini kivuli cha msitu bado ni adimu. Msafiri huvuka mto, kisha hupanda kama mita 300 akishika mawe kwa mikono, na mawe hayo huwa yamekwisha kuota jua. Nyoka wa kule, yule mwenye njuga mkiani, hupenda mawe kama hayo pia. Kibanda kilicho upande wa kusini wa mto na kile kinachofuata baada ya mlima vimeachana kwa karibu kilomita 27.

Hapo ndipo mtu hupimwa, na wala si nguvu za miguu tu. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka tu bila kukauka, na joto hubaki ndani. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Mtu kama huyo akae kivulini, alegeze nguo, anywe kidogo kidogo. Lakini mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kuyumba kama mlevi, msingoje apumzike. Huenda joto la mwili limefika nyuzi 40, na hiyo ni hatari ya kifo. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mwite waokoaji mara moja. Asinyweshwe kitu akiwa amepoteza fahamu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kunywa maji mengi mno bila chumvi pia huleta madhara, kwa kuwa jasho hutoka na chumvi ya mwili. Ndipo utaona watu wakitafuna njugu za chumvi na viazi vya kukaanga kana kwamba wako sinema.

Mchana mara nyingi hufuatwa na ngurumo. Mvua ya radi hushuka ghafla, na aliyeko kileleni hulazimika kuteremka upesi. Majanini kuna kupe wadogo mno wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, kwa hivyo kila jioni watu hukagua miguu, makwapa na nyuma ya masikio.

Kinachonifurahisha ni wema wa wenyeji. Pale njia inapokatizana na barabara ya magari, watu wasiojulikana huacha madumu ya maji kwa yeyote atakayepita. Na katika bustani ya Pine Grove Furnace, karibu na nusu ya safari, kuna desturi ya kila msafiri kujaribu kumaliza nusu galoni ya aiskrimu kwa kikao kimoja. Hiyo ni karibu lita mbili! Wengine humaliza, wengine hujuta njia nzima.

Jioni wanaofika kibandani huvua viatu na kuvuta daftari linaloachwa humo kwa ajili ya wapitao. Wengine huandika utani, wengine huchora. Mwezi wa Julai, kurasa hujaa habari za maji: chemchemi gani imekauka, ipi ingali inatiririka, na ni hatua ngapi za kuteremka kuifikia.