Somo la Pili Huanza Kengele Ikilia

Mwulize mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania makundi ya vyakula, atakujibu bila kusita: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Kengele ya mapumziko ikilia, huyohuyo hukimbilia getini kununua kachori, barafu ya rangi na pipi. Hajasahau kitu. Amehamia somo la pili, linalofundishwa na meza ya biashara kila siku ya shule, tena kwa vitendo. Elimu ya lishe isiyogusa meza hiyo wala ratiba ya siku hubaki kibwagizo cha kukariri.

Waingereza walilipima jambo hili. Utafiti wa WAVES, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha shule 54 za West Midlands. Baadhi zilipewa mpango wa mwaka mzima: dakika 30 za ziada za kuchangamsha mwili kila siku, pamoja na mafunzo ya upishi kwa watoto na wazazi. Mwishowe uzito wa watoto hao haukutofautiana kwa kiasi cha maana na wa wenzao. Wako watakaosema basi somo lifutwe. Mimi nasoma kwamba shule iliachiwa mzigo peke yake. Kinyume chake, nchini Japani, yenye sheria ya chakula cha shule tangu 1954 na ya elimu ya lishe tangu 2005, mlo wa mchana wenyewe ni kipindi: watoto huvaa aproni, hupakuliana, hula pamoja na mwalimu, kisha husafisha.

Nitaambiwa Japani ni tajiri na kwetu tatizo ni njaa. Ni kweli kwamba utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini mwenye njaa ndiye asiyepaswa kutumia shilingi yake kununua sukari na rangi. Sufuria ya makande shuleni, maharage yakiwa ya kutosha, inamfaa aliyekonda na aliyenenepa. Kumfukuza mama muuzaji hakusaidii, kwani atahamisha meza hatua ishirini mbele. Heri kamati ya shule ikubaliane naye auze mahindi ya kuchemsha, ndizi na machungwa, kwa sharti la kubaki karibu na geti.

Kwenye mazoezi tunakosea kwa namna nyingine. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, huibua vipaji, ila huchagua wenye mbio. Waliobaki hushangilia chini ya mwembe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa kila mtoto wa miaka 5 hadi 17, na rede au kuruka kamba vinatosha kabisa kuanzia. Walimu wa darasa la saba wanahofia mtihani, ndiyo maana kipindi cha michezo humezwa kwanza. Hata hivyo, mapitio ya tafiti yaliyotolewa Marekani mwaka 2010 hayakuona kwamba muda huo unashusha alama. Mara nyingi ulikwenda sambamba na matokeo bora.